Salamu za Krismasi kutoka Mabatini, na uzi wa Mama

Ndugu zangu, majirani na wateja wangu wote, salamu nyingi kutoka Mwanza. Heri ya Krismasi kwenu mnaoisherehekea. Nanyi majirani ambao kila mwaka mnakuja kula pilau kwetu, kama sisi tunavyokuja kwenu siku ya Idi, karibuni sana, sufuria ni ile ile kubwa.

Naandika nikiwa kibarazani. Mvua imekatika alfajiri na mawe yaliyo juu ya nyumba zetu hapa Mabatini bado yanachuruzika maji. Ndani mashine ya kufumia imepumzika kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Wenye watoto mnajua: shule zinafunguliwa Januari, na fundi wa masweta hana Desemba yake mwenyewe. Koni za maruni, bluu na kijani zimepangwa hadi chini ya kitanda. Wote mliotanguliza malipo, masweta yenu yako tayari. Wale wa saizi 30 naomba mnivumilie hadi tarehe 28. Wabeja sana kwa kuniamini mwaka mwingine.

Mchana ni kazi ya mashine. Usiku, watoto wakishalala, baba watoto ananishikia uzi kwenye mikono yake miwili nami nauzungusha kuwa donge, kisha nashika sindano. Zamu hiyo ni ya watu wangu. Sweta la shule nalifuma kwa namba na simjui atakayelivaa. La ndugu yangu nalifuma nikimwona: bega lake lililoshuka upande mmoja, tabia yake ya kukunja mikono ya nguo hata kukiwa na baridi.

Mama yuko Ukerewe, upande wa Nansio, anaishi na mdogo wangu wa kiume na wifi yangu. Kila mwaka vuli inapoanza, mwezi wa kumi hivi, ananitumia vipimo vya watu wa nyumba ile. Hatumii futi. Anachukua uzi wa nyavu kwa sababu hauvutiki, anauzungusha kifuani mwa mtu, anaukata, anaupiga fundo. Fundo moja ni kifua, mawili ni mkono kuanzia begani, matatu ni urefu wa mwili. Nyuzi za kila mtu anazifunga pamoja, anazitia ndani ya kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, au chini ya machungwa, mzigo unapanda meli kuja huku mjini.

Niliwahi kumwomba anisomee tarakimu kwa simu. Siku hiyo kwake kulikuwa na upepo, akasema sitini na sita, mimi nikasikia sabini na sita, na mtoto wa mdogo wangu akapelekewa sweta ambalo wangeingia wawili. Tangu hapo nimerudi kwenye uzi na sioni sababu ya kuuacha. Tena uzi unasema mambo ambayo simu haisemi. Mwaka huu nilipoulaza uzi wa Mama mwenyewe juu ya rula, ule wa mafundo matatu, nikalinganisha na daftari langu la mwaka jana, ulikuwa umepungua vidole viwili. Kuhusu mgongo wake hakuwa amenitajia lolote. Nilipompigia kumuuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe unasoma hata hayo." Sweta lake safari hii nimelishusha zaidi nyuma, ili akiinama lisimpande kiunoni.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Anaingia ziwani siku za giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu. Siku za mwezi anakaa nyumbani anashona nyavu, na ndizo siku Mama anazompata wa kumpima. Watu wa mbali hudhani ziwa letu ni joto tupu. Liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na aliyeloweshwa na mvua ya vuli saa nane za usiku ndani ya mtumbwi anaijua baridi. Halafu kuna radi. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka pande zote za mwambao na kukutana huko katikati, hewa inapanda juu na mawingu yanajengeka. Ngurumo nyingi za ziwani hupiga saa zile zile ambazo wenye taa wako majini. Sweta halimkingi mtu na radi. Linamkinga na baridi, nami nafanya lile ninaloliweza.

La kwake nalifuma kwa sufu halisi. Uzi mwingi tunaonunua hapa mjini ni wa sintetiki. Una rangi nzuri, unafulika, bei tunaimudu, na masweta ya shule yote natumia huo. Lakini ukilowa, joto limekwenda. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inamtunza aliyeivaa. Ila inataka adabu: ukiitia maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kushikana kama blanketi la zamani, hairudi tena. Wifi nimemwelekeza mara nyingi, anaifua kwa maji ya baridi na kuianika kwa kuilaza.

Sufu hiyo natumiwa na mdogo wangu wa kike aliye London, kila anapopata mtu wa kuja nyumbani. Shuleni tulifundishwa kwamba majira ya huko ya kupukutika majani nayo yanaitwa vuli. Basi Oktoba akinipigia husema, "Dada, vuli imeingia," nami namjibu kwamba hata huku imeingia. Kwake miti inageuka rangi ya kutu, majani yanakwisha. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na kufikia mwezi huu jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Kwetu vuli ndiyo inayoamsha kila kitu. Majani yanachipua hadi kwenye nyufa za mawe. Barabara ya kwenda Magu unawaona watu wameinama mashambani, wanapanda pamba kuanzia katikati ya Novemba. Usiku senene wanajazana kwenye taa, na asubuhi nyingine wale wadudu wa ziwani wanainuka juu ya maji kama moshi wa msitu unaoungua.

Mwaka wake wa kwanza huko alinipigia akilia kwa sababu ya giza lile tu, hakuwa na jambo jingine. Nilimfumia skafu ndefu ya rangi ya embe lililoiva. Anasema ndani ya basi, katikati ya makoti meusi, yeye ndiye anayeonekana. Mdogo wangu, ukisoma hapa, ya kijani iko njiani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike salamu ndefu hivi.

Wiki ya kwanza ya Novemba kijana wa jirani yetu wa Ukerewe alinigongea mlango akiwa na bahasha. Hapakuwa na michembe wala machungwa. Ndani kulikuwa na uzi mmoja wa nyavu, mfupi, wenye fundo moja. Wifi yangu alikuwa amejifungua kwenye wiki ya 33, na Mama alikuwa amempima mtoto kichwa. Niliuweka kwenye rula: sentimita 30. Nimefuma kofia za watoto wachanga miaka mingi na najua mtoto aliyetimiza miezi yake huja na sentimita 35 hivi. Nilikaa na ule uzi kiganjani muda mrefu, sikuweza hata kumwita baba watoto.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 tunamwita njiti. Neno hilo silipendi, linanukia kiberiti, kitu cha kuwaka mara moja kikaisha. Mtoto huyu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wote, kwa hiyo joto linamtoroka kwa juu. Hapo ndipo kofia inapokuwa na kazi. Nilichukua uzi wa pamba, laini, usio na manyoya ya kumwingia puani. Kofia hufumwa ndogo kuliko kichwa ili ishike bila kubana, nikaipa sentimita 27. Kwa mkono wangu hiyo ni vitanzi 60. Nilianza saa mbili usiku, kabla ya saa saba nilikuwa nimefunga kitanzi cha mwisho, na asubuhi ilipanda meli. Nilifikiri pia juu ya pamba yenyewe. Inalimwa hapa hapa kwetu, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa marobota. Natamani siku moja nifumie watoto wetu uzi uliosokotwa huku huku.

Hospitali walimweka kwenye huduma ya kangaruu: mtoto ana nepi, soksi na kofia tu, amelazwa kifua kwa kifua na mzazi, wamefungwa kwa khanga. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Wifi alipochoka mdogo wangu alimpokea. Mtu ambaye mikono yake imezoea kuvuta nyavu alikaa saa nyingi bila kujitikisa, akihesabu pumzi. Siku zote za giza za Novemba zilipita hajaingia ziwani.

Tarehe 17 Novemba ni siku ya watoto hawa duniani kote, na watu hutundika kamba ya soksi: jozi tisa za kawaida, na moja ndogo ya zambarau kwa ajili ya yule mmoja kati ya kumi anayewahi kuja. Nilizifuma nikazitundika hapa kibarazani. Mama mmoja anayepitisha ndizi alisimama, akatua beseni, akauliza maana yake. Nilipomweleza aliishika ile ndogo kwa vidole viwili. Akaniambia wa kwake alizaliwa na miezi saba, akamlea kwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa nguo. Sasa yuko kidato cha pili. Alinunua jozi ile ya zambarau akaenda nayo.

Basi, ndugu zangu, nawatakia sikukuu ya amani na mvua isiyobomoa. Mama mkubwa wa Sengerema safari hii anakuja kwa gari, anapita daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na amesema hatabeba chakula cha kulia kwenye foleni ya kivuko. Mdogo wangu ameniahidi kwamba usiku wa mkesha hatagusa taa, ingawa ni siku za giza. Sweta lake amelipata. Mlio safarini, fikeni salama. Mliofiwa mwaka huu, nawakumbuka kwa majina yenu ninapofuma.

Jana jioni meli ya Nansio imeniletea machungwa. Chini yake kulikuwa na uzi wenye fundo moja, na Mama ameufungia kipande kidogo cha utepe mwekundu. Nimeulaza kwenye rula mara mbili ili niwe na hakika. Sentimita 35. Asubuhi hii nimeanza vitanzi 70.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya,
Shangazi yake, Mabatini