Mdogo wangu, kadi ya kipaimara sikuiona

Mdogo wangu,

Picha za kipaimara cha binti yako nimeziona kwenye simu ya wifi. Gauni limemkaa, amerefuka, miguu ile ile ya baba. Nikaikuza picha nitafute mkono wa kushoto. Glavu nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Nikajua aliyeichagua ni nani, na kwa nini.

Kadi sikuletewa. Mama anasema labda ilipotea njiani. Kadi ya kutoka Sakina kuja Njiro, humu humu Arusha, inapotelea wapi, Sanawari? Umenifungia simu, ndiyo maana naandika hapa ambapo na wengine watasoma. Wasome tu.

Machi 2020 unaijua kuliko mimi. Tarehe 16 wanatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, tena aliyeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hapa hapa kwetu. Kesho yake shule zinafungwa siku 30. Tukasema mwezi si mwingi. Watoto wetu wakaja kurudi darasani Juni 29. Dada wako wa kazi alishapanda basi kwenda kwao Singida wiki ile ile. Ukaja mezani kwangu kazini, mimi nikiwa msimamizi wako, na karatasi uliyoandika kwa mkono, "Yah: Maombi ya Ruhusa". Yah! Kwangu mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Uliomba wiki mbili, na baada ya hapo uwe unatoka saa saba mchana. Nilikuuliza kama ninavyomuuliza yeyote: "Mtoto anaumwa?" Ukasema haumwi, shule imefungwa. Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nikakusomea. Likizo ya mwaka siku 28. Zako ulishazila Desemba, Machame. Uzazi siku 84, haikuhusu. Kuuguza mtoto, au kumzika, siku 4 zenye malipo. Shule kufungwa hakumo. Watu wa stoo walikuwa wametega masikio, na unajua walivyokuwa wakituita "ukoo". Ningekupa wewe, yule mama wa mapokezi mwenye watoto watatu ningemwambia nini?

Uliikunja karatasi ikawa ndogo kama tembe, ukarudi kaunta kupima misumari.

Halafu ile Alhamisi ya Mei. Mvua, vifodi, daladala zetu, ni levo siti, hakuna kusimama, umefika saa nne umelowa chapachapa. Hukunisalimia. Uliweka cheti cha zahanati juu ya kitabu changu cha mahudhurio, maji yanadondokea majina ya watu, ukasema: "Sasa anaumwa. Naomba siku zangu nne."

Mtoto wa miaka tisa alikuwa anampashia mdogo wake uji kwenye jiko la mchina.

Nilisaini. Ila kabla ya kusaini nilitazama kalenda, nikahesabu kwa kidole, nikakuuliza kama na Jumamosi imo. Hicho ndicho kinachonirudia nikilala. Sheria siioni, cheti sikioni, nakiona kile kidole.

Lakini na wewe nisikilize. Hoteli zilikuwa tupu, ujenzi umesimama, barua za nusu mshahara mimi ndiye niliyezigawa. Wenzetu wanne waliondoka Aprili. Jina lako lilikuwemo kwenye orodha ile, unadhani lilifutwaje? Sikukwambia wakati ule kwa sababu sikutaka shukrani. Na sasa nakwambia mbele za watu, sijui nataka nini.

Nasikia siku hizi una watu kumi na wawili chini yako. Basi chukua hili kwangu: kifungu cha 34 cha sheria ile ya 2004 kisome polepole. Kinasema angalau siku 4. Sheria ilitaja kiasi cha chini kabisa, mimi nikakisoma kama ndicho cha mwisho. Bosi hakunikataza kukupa zaidi, maana sikumuuliza. Na kusema kweli wakati ule kila mtu alikuwa anabahatisha, hata wewe ungekuwa kwenye kiti changu...

Acha niseme yote. Kwangu kulikuwa na dada wa kazi, na wanangu wawili, rika la wako, wanashinda uani wanacheza. Ungeweza kuwashusha wako asubuhi, jioni ukawapitia. Hukuomba, ulingoja nikukaribishe, na mimi sikukukaribisha kwa sababu unapanda kifodi na niliogopa ugonjwa usije ukaingia nyumbani. Huku mimi na wewe tunakaa ofisi moja, dirisha moja, kutwa nzima.

Mama anakuja kwangu Jumamosi, anataka kupika mtori. Ile sufuria kubwa ya marehemu bibi iko kwako tangu msiba wa baba. Mtume bintiyo ailete, kifodi cha Njiro kinamshusha karibu na geti, na zawadi yake ipo, nimeifunga tangu siku ile ile. Ukiona bado mapema, mpe bodaboda. Nitamlipa huku.

Dada yako.