Kengele ya saa tisa usiku

Leicester, 9 Novemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kwako, na Mama umpe shikamoo yangu. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza kituo cha basi, saa mbili na nusu asubuhi, ndiyo kwanza natoka kazini, kwenye hii nyumba ya kutunzia wazee. Umeniuliza kama ni kweli Wazungu huwatupa wazazi wao. Nilitaka kukujibu palepale, nikahofia uchovu utanijibia.

Hawawatupi. Binti wa yule bibi wa chumba cha tisa huja kila Jumapili, na huondoka akijifuta machozi. Kinachokosekana ni mikono. Usiku tuko watatu kwa wazee 31, na mmoja wetu kazi yake ni dawa na makaratasi. Wazee 11 hawawezi kujigeuza. Inatakiwa tuwageuze kila baada ya saa mbili wasije wakapata vidonda vya kulalia, na kumgeuza mmoja kunataka watu wawili. Sasa piga hesabu: dakika kumi kumi kwa watu 11, ni dakika 110. Ukimaliza wa mwisho, zamu ya wa kwanza imeshakaribia. Hapo hujaitikia kengele hata moja.

Na kengele zinalia! Bibi wa chumba cha tisa alikuwa mwalimu wa hesabu, akili zake timamu. Saa tisa usiku anataka msalani, anabonyeza, nasi tuko upande wa pili tumemshika babu wa kilo tisini, utamwachiaje? Tukimfikia bibi, ameshajikojolea. Hakulalamika. Aliacha tu kunywa chai ya jioni, kisha akaacha na maji. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha kikombe kilichojaa. Hawa vibarua wanaoletwa na wakala, leo huyu kesho yule, wangejuaje? Haikupita wiki mbili akapata UTI, akaanza kuweweseka, akawa ananiita kwa jina la dada yake. Usiku mmoja akaamka mwenyewe kwenda msalani, akaanguka, akavunjika nyonga. Kwenye faili wameandika "alianguka". Kwamba usiku ule tulikuwa watatu, hakuna aliyeandika.

Huku England, kanuni ya 18 ya mwaka 2014 inataka wafanyakazi wa kutosha. Wangapi? Haisemi. Wenye nyumba hizi za wazee hudai idadi moja haifai kila mahali, na hapo wana hoja, maana nyumba ya wanaojiweza si sawa na yetu. Lakini hilo neno "kutosha" linavutika kama mpira. Australia, tangu Oktoba 2024, wameweka wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mzee kwa siku, 44 kati yake za muuguzi aliyesajiliwa. Huko angalau una namba ya kumwonyesha meneja. Kwetu wakaguzi wa CQC, chombo kinachokagua huduma hizi England, walikuja bila taarifa, wakasema watarudi kesho yake. Hiyo kesho, shoga, tulikuwa wengi mpaka tunapigana vikumbo kwenye korido.

Ila nisikufiche: uliposema hapo kwenu Chumbageni Mama hawezi kukosa mtu, nilicheka. Mtu mwenyewe ni wewe tu. Dada zako wako Dar wanatuma pesa, mgongo unakuuma, na zamu yako haina wa kukupokea. Waambie waje, hata wiki moja moja. M-Pesa haimgeuzi mtu kitandani.

Kuhusu mdogo wako: mlango ulifungwa 22 Julai 2025, nyumba za huku haziruhusiwi tena kuleta walezi wapya kutoka nje. Anayemdai ada ya kumtafutia kazi hii ni tapeli, asimpe hata senti.

Nalala sasa. Jambo moja tu: umesema siku hizi Mama anakataa uji wa usiku. Usimlazimishe. Muulize taratibu kama anaogopa kukuamsha.

Wako,
shoga yako