Mama Neema, usiezeke ule ua

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Arusha na baridi yenu? Sisi hatujambo. Mama mkwe anakusalimu sana, anauliza lini utakuja kumwona.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kuachiwa nyumba na marehemu baba, tena hatua chache kutoka Soko Kuu, si jambo dogo, na nimefurahi pamoja nanyi. Ila pale uliposema fundi ameshapiga hesabu ya mabati ya kuezeka ua wa katikati ili mpate chumba cha tatu, nilishtuka. Ndiyo maana nimeona niandike. Kwenye simu tungeishia kubishana, na hili nataka ulisome taratibu, umsomee na Baba Neema.

Nyumba yetu uliiona baada ya kazi kwisha, hukuiona tulivyoinunua. Upana mita 5, urefu mita 22, mbele duka, nyuma choo, na kila upande ukuta wa jirani. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa na dirisha la pembeni hata moja. Wahindi wenye maduka waliojenga nyumba hizi katika miji yetu walilijua hilo, wakaacha ua katikati ili vyumba vya ndani vipate pa kupumulia. Aliyeishi pale kabla yetu akauezeka, akaongeza chumba. Basi Imani akawa anafanya kazi zake za shule saa nane mchana na taa imewashwa, na kile kikohozi chake unakikumbuka.

Nasi tulianza vibaya. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa unatoa unga mweupe wa chumvi, lipu inabanduka hadi usawa wa kiuno. Tukabandua, tukapiga lipu mpya ya saruji, tukapaka rangi nzuri ya bei. Masika moja tu, yote ikavimba na kudondoka. Nililia siku ile, kwa sababu zilikuwa fedha za mchezo wetu wa akina mama, nilizozingoja mwaka mzima.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi uashi kutoka Kiborloni. Hakugusa ukuta, aliomba ngazi, akapanda juu. Bati za ule ua zilikuwa zimeinamishwa kuelekea kwa jirani, na kati ya bati na ukuta palikuwa na mfereji mwembamba uliooza. Mvua yote ya paa lile ilikuwa inaingia ndani ya ukuta wa mawe. Akasema ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa wenyewe, lakini ukiuvika saruji maji hayana pa kutokea, yanasukuma lipu. Kwa hiyo giza na unyevu, vitu nilivyodhani ni magonjwa mawili, vilitoka kwenye paa moja.

Baba Imani alikataa kubomoa. Alisema tunatoa chumba kizima kwa mikono yetu. Nami sikuwa na hakika, nakwambia ukweli. Yule mzee akatuonyesha kwa futi kamba: mwanga wa dirisha hauingii ndani zaidi ya kama mara mbili ya kimo chake, kuanzia sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha lenye kimo cha mita 2 linakuangazia mita 4, basi. Duka la mbele linajitosheleza kwa mlango wake, ila chochote kilicho katikati kinategemea mbingu. Na sisi huku tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, jua la adhuhuri linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo hata ua wa mita 3 kwa 4 unalipata.

Tulibomoa. Chumba kimoja kilipotea, viwili vikapona. Jiko tukalihamishia kando ya ua, moshi na harufu ya vitunguu vinapanda juu badala ya kulala kitandani. Ukuta tukaupiga lipu ya chokaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, tukauacha ukauke polepole bila kuufungia rangi ya mafuta.

Jirani usimsahau. Boriti za zamani mara nyingi zimeingia kwenye ukuta mnaochangia, na sisi tulipozitoa ukuta wake ulipata ufa. Alikasirika, na alikuwa na haki. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kwake na jani la sale, lile la kuombea msamaha, kama wanavyofanya kwao Marangu, na fundi wetu akauziba ufa kwa gharama yetu. Wewe nenda kabla nyundo haijaanza.

Najua utaniambia Arusha si Moshi, kwamba mko juu, kama mita 1,400, na Julai mtaganda mkiwa na ua wazi. Ni kweli mna baridi kuliko sisi. Lakini baridi inazuiwa kwa mlango wa vioo unaofungwa vizuri na upenu mpana wa kupita chini yake mvua ikinyesha. Giza na unyevu havizuiwi kwa mlango. Sakafu ya ua tu muisimamie: kila mita moja ishuke sentimita 2 kuelekea kwenye bomba la kutolea maji, na bomba liwe pana, kwa sababu masika hayana huruma.

Chumba cha tatu mtakipata. Kwetu lile duka la mbele ndilo chumba cha mama mkwe. Tulidhani kelele za bodaboda zitamsumbua, kumbe anapenda kukaa barazani asubuhi akisalimiana na wapita njia, na kliniki yake iko karibu. Jioni yuko uani na watoto, karibu na ule msale alioupanda mwenyewe kwenye ndoo. Imani anasoma pale hadi saa kumi na mbili bila taa.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije. Futi kamba ninayo. Nataka tupande juu ya paa pamoja tuone maji yanaelekea wapi. Hadi hapo, tafadhali, fundi asipewe hela ya bati.

Rafiki yako,
Mama Imani