Kwa Mwanaidi, kuhusu foleni ya masikio

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kama kaunti yenu ikiajiri afisa wa kliniki wa masikio (mtabibu aliyesomea masikio, asiye daktari), foleni ya watoto wanaosubiri upasuaji itapungua. Kwanza itarefuka, na msishtuke: watakaoongezeka ni wale waliokuwa wakirudishiwa antibiotiki ya amoksilini kila mara bila mtu kuwachungulia sikioni.

Kazi kubwa ya afisa huyo ni kuchambua nani atibiwe kliniki na nani apelekwe kwa upasuaji. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi linataka kukaushwa. Kitambaa safi cha pamba husokotwa kuwa utambi, huingizwa, hutolewa kikilowa, huingizwa kingine, mpaka utambi utoke mkavu. Mara 3 kwa siku, na kila mara matone ya siprofloksasini yafuate, kwa wiki 2. Mama afanye mwenyewe mbele yenu kabla ya kuondoka, maana matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki ndani, na hapo ndipo wengi hushindwa. Matone ya gentamisini msitie kwenye kiwambo cha sikio kilichotoboka; inaweza kuua usikivu.

Usaha unaonuka vibaya pamoja na uchafu mweupe juu ya kiwambo, mshuku kolesteatoma, yaani ngozi inayoota pasipo pake ndani ya sikio. Hiyo haiponi kwa matone. Hula mifupa midogo ya sikio, na dawa yake ni upasuaji. Uvimbe nyuma ya sikio au uso uliopinda ni rufaa ya siku hiyo hiyo, na dozi ya kwanza ya antibiotiki apewe kabla gari halijaondoka.

Sasa panapokwama. Kwenye macho, Kenya imewafunza maafisa wa kliniki kutoa mtoto wa jicho wenyewe. Kwenye sikio, kuziba kiwambo na kusafisha mfupa wa nyuma ya sikio chini ya darubini kumebaki kwa daktari bingwa. Basi rufaa ya afisa wenu ikilazimika kupitia kwa daktari wa kawaida, ndipo bingwa, ndipo tarehe, mzazi anatoa nauli 3 kusikia jambo lile lile. Tafadhali, pigania aruhusiwe kumwandikisha mtoto moja kwa moja, kipimo cha usikivu kikiwa mkononi. Tena amwone wiki moja kabla ya upasuaji: sikio likilowa upya, au kifua kikibana, upasuaji huahirishwa mtoto ameshalala njaa.

Kwenye bajeti, mshahara peke yake hautoshi. Panahitajika otoskopu (kifaa cha kuchungulia sikio) na balbu ya akiba, mashine ya kunyonya usaha, odiometa (mashine ya kupima usikivu), na chumba kisicho na kelele. Msimweke karibu na jenereta.

Wako,
Rehema