Rukia, Hicho Si Kiingereza Kibovu

Aberdeen, Uskoti, mwezi wa tatu

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Nakusalimu sana, wewe na watoto na Bibi wa Kibokoni, na huyo mumeo asemaye barua ni mambo ya kizamani, mwambie ndiyo hii imekuja. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, mguu umepona, baridi ya huku bado haina adabu, na tangu Idi nimekukasirikia.

Ulidhani simu yangu imeharibika. Haikuharibika, nilikuwa nimenuna. Ile sauti uliyonitumia, pale ulipocheka ukasema, "Hao Waskoti wako si Kiingereza kibovu tu waongeacho, na wewe umekaa ukikiandika kwenye daftari?" niliifuta siku ile ile na bado naisikia. Angesema Saidi ningemwachia, Saidi tangu lini amejua kitu. Lakini wewe, Rukia! Wewe uliyesimamishwa mbele ya darasa zima kwa kuandika "mtele" badala ya "mchele" kwenye insha, mwalimu akauliza huo mtele ni mdudu gani. Ulilia chooni mimi nimekushikia mkoba. Leo wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Basi kukitetea Kiskoti chao nakupa kisa cha sungura. Ukimaliza kusoma uniambie huo ubovu umeuona wapi.

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya kutunza wazee, pale wanywapo chai, kuna kalenda ya wanyama. Mwezi huu ni sungura wawili wa mwituni, wamesimama kwa miguu ya nyuma wanatwangana makonde. (Mara nyingi si madume wanaogombana. Ni jike anamzaba dume lililozidi kumsumbua. Mwambie Mama Fatu, atafurahi.) Nikamuuliza mzee mmoja, mtu wa mashamba ya Buchan, kaskazini ya hapa: huyu kwenu mwamwitaje? Akajibu bila kuinua macho kwenye biskuti yake, "A bawd." Mwenzangu wa zamu, ambaye kwao ni Ayrshire, kusini-magharibi kabisa, akacheka: bawd ndiyo nini, huyo ni "maukin". Mzee akamtazama kama aliyeambiwa pilau haina haja ya bizari. Wakaanza. Bibi yangu alisema hivi, babu yangu alisema vile, chai ikapoa, dawa za saa kumi zikachelewa, na mimi nimesimama na birika mkononi sitaki kuondoka.

Halafu yule bibi wa kwenye dirisha, mjane wa mvuvi, mtu ambaye siku nyingine hasemi neno hadi jioni, akashika chuma cha kiti chake cha magurudumu kwa mikono miwili akapiga ukelele: "Caul airn!" Maana yake chuma baridi. Akasema wanyamaze wote wawili, na mimi nigeuze ile kalenda.

Nikaigeuza. Hadi leo kwetu ni mwezi wa nne.

Huku wavuvi wa pwani hii ya kaskazini-mashariki walikuwa na maneno yasiyotajwa baharini hata kidogo. Sungura ni mmojawapo. Nguruwe pia, na samaki aina ya samoni, ambaye walimwita tu "samaki mwekundu", na kasisi wa kanisa, huyo usiniulize alifanya nini. Mtu akiteleza ulimi, wote washika chuma kilicho karibu. Na mvuvi akienda zake chomboni asubuhi, sungura akamkatia njia, wengi walirudi nyumbani siku hiyo. Wahuni nao hawakukosekana: kulikuwa na desturi ya kumfichia mtu sungura mfu chomboni mwake ili kumkomesha.

Sasa nikajua kwa nini majina ni mengi. Nilikuwa nikidhani mnyama hupata majina mengi kwa kupendwa. Huyu kayapata kwa kuogopwa. Ukikatazwa kumtaja, utamtaja kwa kuzunguka: utasema habari ya masikio yake, utasema habari ya mkia wake. Na ndivyo walivyofanya. Yupo "lang lugs", yaani masikio marefu. Yupo "cutty", kwa ule mkia wake wa kibutu. Yupo "fuddie", wa huku huku kaskazini-mashariki, kutokana na "fud", ambayo ni mkia wa sungura na pia, samahani, makalio. Wawindaji humwita "pousie", jina la paka. Na hiyo "maukin" ya mwenzangu asili yake ni jina la msichana, Matilda lililofupishwa, na huko huko Ayrshire kijakazi ambaye hajakomaa naye aliitwa maukin. Ni kana kwamba sisi tungemwita sungura Mwanakombo halafu tukasahau kuwa ni jina la mtu.

Wewe bibi yako hakutukataza kutaja nyoka usiku? Si tulisema "kamba"? Na sindano je, na chumvi? Tulikuwa tukienda kuomba chumvi magharibi twarudishwa mlangoni. Nani aliyetwambia kile ni Kiswahili kibovu?

Kamusi yao kubwa ya Kiskoti cha sasa ina juzuu kumi. Ilianza kutoka 1931 chini ya William Grant, ikamalizwa na David Murison 1976. Miaka arobaini na mitano, Rukia, na sisi twalia kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Tangu 2004 iko kwenye intaneti bure, pamoja na ile nyingine ya Kiskoti cha kale. Ninachokipenda ni kwamba kila neno limeandikwa lilisikika wilaya gani. Hawakusema hili sahihi, lile la washamba. Walisema: hili la Aberdeen, hili la Ayr, hili la mpakani Roxburgh, basi. Nataka uione kamusi hiyo kabla hujafungua tena kinywa.

Na kabla hujaniambia "lakini ni Kiingereza hicho hicho": vimetoka shina moja, sikatai. Lakini Kiskoti kilikuwa lugha ya ikulu na ya bunge huko Edinburgh wakati mfalme wao ni wao. Mwaka 1603 mfalme akarithi na kiti cha London, akahamia huko, na wakubwa wakaanza kuona haya ya ndimi zao. Unakijua kisa hiki. Kamati ilipokaa kuchagua Kiunguja kiwe ndicho Kiswahili cha vitabu, Kimvita chetu cha Mombasa kilifanya kosa gani? Watu wa hapa husema "fit" pale Mwingereza asemapo "what", na "far" kwa "where". Ukikutana nao asubuhi ni "Fit like?", yaani u hali gani. Sauti moja imekaa mahali pa nyingine, kwa utaratibu, kila mara, kama vile sisi ni "mato" wenzetu wakisema "macho", "ndoo" wakisema "njoo". Walimu wa huku nao waliwapiga watoto mikanda kwa hilo. Yule mzee wa Buchan bado akimwona daktari hubadili ulimi, akasema Kiingereza cha kusoma, na daktari akitoka mlangoni arudi kuwa yeye.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama hujaelewa.

Nirudi kwa sungura. Nilimuuliza yule bibi baadaye, wakati namchana nywele, mbona mnyama mdogo hivyo. Akaangalia mlango kwanza. Akasema, kwa sababu huwezi kujua ni nani. Yaani mchawi. Kumbe huku wachawi walijigeuza sungura! Kuna mwanamke aliitwa Isobel Gowdie, wa Auldearn, karibu na Nairn, alishitakiwa 1662 akatoa maungamo manne, yote yako kwenye maandishi. Akaeleza hadi maneno ya kusema ili uwe sungura, kwa Kiskoti na kwa vina: nitaingia ndani ya sungura, kwa huzuni na kilio na mashaka makubwa. Akasema siku moja yu katika umbo hilo, mbwa wa jirani wakamfukuza, akakimbia hadi nyumbani kwake, akajificha nyuma ya sanduku, mbwa wakaingia. Akalazimika kutoka tena mbio hadi nyumba nyingine ndipo akapata nafasi ya kuyasema maneno ya kurudi mtu. Nilisoma usiku nikazima taa nikaiwasha tena. Kinachonikaa si uchawi, ni lile sanduku. Mtu anayetunga uongo haweki sanduku, au huyo ndiye hasa aliwekaye, sijui, wewe uliyesomea fasihi utaniambia.

Na ule mwisho waujua hata sijakueleza: mwindaji apiga sungura risasi isipenye, atia sarafu ya fedha kwenye bunduki, ampata mguuni, na kesho yake bibi kizee fulani kijijini anachechemea. Huo uko kila wilaya. Badili sungura weka paka au fisi, uko kwetu.

Sisi sungura wetu ni mjanja tu, amlaghai simba, amlia njama fisi, watoto wacheke. Hakuna amwogopaye. Na kumbuka, yule wa ngano zetu ni huyu wa mwituni, si hawa weupe wa banda la Saidi. Huyu hachimbi shimo, huzaa juu ya ardhi, na vitoto hutoka na manyoya yao na macho wazi. Waskoti huyu wa kuchimba mashimo wampa jina jingine la kubembeleza, "mappie", wala hawamchanganyi na bawd. Kwetu wote wawili ni sungura. Au siyo? Nakumbuka Bibi akisema "kitungule", na sijui alikuwa akimwita yupi.

Huyo Robert Burns, mshairi wao mkubwa, Ayrshire, alitumia maukin. Rafiki yake mmoja mwindaji alisema akitaka kufa afie porini kwenye uwindaji wake. Burns akamwandikia tanzia mtu yu hai, akiwaambia maukin wainue mikia yao kwa furaha kwani adui yao kafa. Kwa Kiskoti hicho, na kinachekesha. Lakini 1789, karibu na shamba lake, kijana mmoja akampiga risasi sungura, mnyama akapita mbele ya Burns akichechemea damu yamtoka, Burns akashikwa na ghadhabu, akaandika shairi la huzuni, na hilo akaliandika kwa Kiingereza. Limepauka! Akilia kwa lugha ya wakubwa machozi hayatoki. Hayo ni maoni yangu, mwenzangu wa Ayrshire hataki kuyasikia.

Kuna na supu yake, "bawd bree", nzito, na uzito wenyewe ni wa damu ya huyo huyo sungura, basi usiniulize kama nimeonja. Na kule Galloway, mavuno yakifikia mashina ya mwisho shambani, hayo waliyaita sungura. Waliyagawa mafungu matatu, wakayasuka kama nywele, masuke wakayafunga fundo juu, halafu wavunaji warudi nyuma hatua kadhaa wayarushie mundu mmoja mmoja hadi mtu ayakate chini ya fundo. Hiyo ndiyo "kumkata sungura". Nimewaza sana kuhusu wale waliosimama jirani na mundu zinazoruka.

Ah, na sheria. Mwaka 2025 bunge lao lilipitisha sheria ya kuvipa Kiskoti na Kigaeli hadhi rasmi nchini. (Kigaeli ni kingine kabisa, usichanganye, watakutoa mtaani.) Sensa ya 2022 watu kama milioni moja na nusu walisema wanazungumza Kiskoti. Nilimwambia mzee wa Buchan kuwa lugha yake sasa ni rasmi. Akasema, kwa hiyo watarudisha ile mikanda?

Sina hasira tena, imeishia hapa katikati. Lakini nataka fidia. Nenda Kibokoni, ukae na Bibi asubuhi, si jioni, jioni hatasema. Muulize: kitungule ni yupi na sungura ni yupi? Kuna jina ambalo wavuvi wa upande wa babu hawakulitaja chomboni? Usiku alikuwa akimwitaje paka? Ukiweza mrekodi, ila mwambie kwanza, asije akasema umemwibia sauti. Na wewe, bado wawakatia watoto alama kwa "mtele"? Wanafunzi wa Lamu wakiandika "ndia" badala ya "njia" wafanyaje? Yule mwalimu wetu yu hai? Ile daftari ya mafumbo tuliyoandika kidato cha tatu iko kwako au alichukua Mwanasha? Na mchango wa chama nimetuma kupitia kwa Saidi, kakufikishia au ameshanunulia sungura chakula?

Nijibu kwa barua, sauti nitaifuta.

Mimi shoga yako,
Zuhura