Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri Mwenye Dhamana ya Makaazi, Zanzibar: Koga ya Kuta Zetu Haiponi kwa Rangi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mkaazi wa Mji Mkongwe, katika chumba cha chini ambacho kila masika huota koga nyeusi nyuma ya kabati la nguo. Mwaka juzi fundi aliikwangua, akapiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta juu yake, na ukuta ukapendeza hadi mvua za Aprili, rangi ilipovimba kama malengelenge. Nilipolitoboa moja kwa ukucha, yalichuruzika maji ya chumvi. Koga iliyokuwa ikiishia kiunoni sasa imefika mabegani.

Koga ni jamii moja na uyoga. Mbegu zake, zisizoonekana kwa macho, zimo hewani katika kila nyumba na hatuwezi kuzimaliza. Kinachoziamsha ni maji, na kitu kikilowa kwa siku moja au mbili bila kukauka, huanza kumea. Kwa hiyo rangi huifunika tu, na jiki, ambayo husafisha vyema kigae cha bafuni, haifiki ndani ya ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mawe haya yana vitundu vinavyonyonya maji na chumvi, na waliozijenga walilijua hilo, ndiyo maana wakazipiga lipu ya chokaa, inayouacha unyevu utoke taratibu kwa hewa. Saruji huuziba. Maji yaliyonyimwa njia hupanda juu zaidi, na yakifikia ncha za boriti zilizozama ukutani, huziozesha pasipo mtu kuona. Hilo hunitia hofu kuliko madoa yenyewe.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwamba unyevu na koga majumbani huambatana na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mjukuu wangu mwenye pumu halali kwangu masika yote. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kisheria ukathibitisha mwaka 2022 kuwa sababu ilikuwa koga ya nyumba aliyoishi. Baba yake alipolalamika, aliambiwa apake rangi. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwabana wamiliki wa nyumba za jamii wachunguze na kutengeneza kwa muda maalumu.

Mheshimiwa, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango na baraza zetu hutazamwa na wengi. Naomba vitazamwe na vyumba tunamolala. Kibali cha ukarabati kitamke kwamba kwanza itafutwe njia ya maji, iwe ni mchirizi uliovunjika, bomba linalovuja au ardhi yenyewe, kisha saruji ibanduliwe na chokaa irudishwe. Mafundi wazee wanaoijua kazi hiyo walipwe wawafundishe vijana. Lipu ya chokaa huchukua majuma kadhaa kukomaa, hivyo kazi ikianza kipupwe hiki, mvua zikishakatika, kuta zitakuwa tayari kabla ya vuli.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Mji Mkongwe