Mkubwa wa nyumba ndiye anayehitaji hesabu

Ndugu Mhariri,

Baba mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aliandika katika gazeti lenu kwamba watoto wa siku hizi wanawatukana wakubwa wao kwa kuwadai hesabu za urithi. Kwake yeye, mkubwa aliyeachiwa funguo na marehemu haulizwi. Namheshimu kwa umri wake, na uchungu wake ninauelewa, kwani mimi pia ni kifungua mimba, tena mwanamke, na urithi wa baba yetu uliniangukia mimi tulipotoka kwenye kilio. Ila kwa maoni yangu anayeihitaji hesabu kuliko wote ni mkubwa mwenyewe. Wadogo wakinyamaza kwa heshima, mzigo unabaki shingoni mwake.

Sheria ya familia ya nchi yetu ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mkubwa wa warithi kazi ya kusimamia urithi. Akikataa, warithi wanamteua mwingine. Wengi wetu tunaisikia sentensi hiyo na kuishia hapo, kama kwamba sheria imemvika mtu kofia ya kichifu. Kumbe imempa kazi: kujua warithi ni akina nani, kutunza mali, kulipa madeni ya marehemu, kisha kugawa. Pasipo wosia, robo tatu ni ya watoto, wa ndoa na wa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki inakwenda kwa mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Kazi yenye mwanzo lazima iwe na mwisho, na mwisho wake ni hesabu, halafu saini za kumwachilia msimamizi, ile karatasi tunayoiita deshaji.

Niwaambie kilichotokea upande wa mama yangu. Mjomba wetu mmoja alishika mali ya babu. Siku ya kuondoa matanga, warithi wote walitia saini karatasi moja ya Kifaransa, kila mmoja akapewa pesa ya usafiri, watu wakala, wakatawanyika. Karatasi ile nimeisoma. Inasema tu kwamba wamepokea haki zao zote na hawana la kudai. Hakuna tarakimu hata moja: parseli, yaani kiwanja, iliuzwa bei gani, nani alilipwa deni, kilibaki nini. Leo mjomba mwenyewe ni marehemu, na wajukuu waliokuwa wadogo wakati ule wamekua na kwenda kwa mwanasheria. Anayeulizwa ni mjane wa mjomba, ambaye hajui chochote. Inawezekana kabisa mjomba hakula hata franga. Nani atajua sasa? Karatasi aliyodhani inamkinga haimsaidii mjane wake, maana mtu hawezi kukuachilia jambo ambalo hukumwonyesha.

Kwa hiyo niliposhika mimi, nilinunua kaye, daftari la hesabu, kabla sijashika kitu kingine. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa wale waliochukua fedha za kuondoka kwa hiari mwaka 2003, na fedha zake alizitia kwenye anekse, vile vijumba vya wapangaji, katika parseli yetu ya Katuba. Ukurasa wa kwanza niliandika kila alichoacha siku aliyofariki: parseli na cheti chake cha uandikishaji, nyumba kubwa, anekse, cherehani, alichodai watu na alichodaiwa. Bila ukurasa huo hesabu nyingine zote zinaelea, kwa sababu hakuna ajuaye umeanzia wapi.

Halafu yakafuata mambo ambayo wasimamizi wengi wanayapitia haraka. Kodi za nyumba zinalipwa kwa dola, fakture za umeme za SNEL na za maji za REGIDESO zinalipwa kwa franga, fundi anataka chochote ulicho nacho mfukoni. Niliweka safu mbili na kuandika kiwango cha kubadilisha pesa cha siku ileile, maana ukibadilisha zote kwa kiwango cha mwisho wa mwaka unajikuta na upungufu ambao hukuuiba, au ziada ambayo huna. Risiti zile za karatasi ya kung'aa zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe. Nilizipiga fotokopi mapema. Na garanti za wapangaji, zile pesa wanazoweka wanapoingia, hapo ndipo nilipogombana na wadogo zangu. Walizihesabu kama pesa ya baba. Garanti ni pesa ya mpangaji iliyolala kwetu. Atakapohama ataidai, na akidai atanifuata mimi niliyebaki na kaye. Niliiandika upande wa madeni.

Michango ya kilio niliiweka katika kaye tofauti kabisa. Watu walichangia wafiwa wazike, hawakumchangia marehemu mali. Najua familia zinazochanganya vyote katika mfuko mmoja, na ugomvi wao hauishi.

Sasa deshaji yenyewe. Nakala za hesabu niliwapa ndugu zangu wazisome kwanza, wakae nazo nyumbani, waulize wake zao na waume zao. Hili si jipya. Kitabu cha sheria za kiraia cha Wafaransa cha 1804, katika kifungu cha 472, kilikwisha kusema kwamba mapatano kati ya mlezi na mtoto aliyefikia utu uzima ni batili kama hayakutanguliwa na hesabu kamili pamoja na vielelezo vyake, vilivyopokelewa angalau siku 10 kabla. Siku 10, ndugu zangu! Sisi tunatia saini kati ya sahani ya wali na chupa ya bia. Tulipokutana, nilisoma kila mstari kwa Kiswahili, kwa sababu baba mdogo hasomi Kifaransa na alama ya kidole chake ina uzito sawa na saini ya mwalimu. Karatasi inataja hesabu ni za kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, kurasa ngapi, kila mmoja kapokea nini, na kiasi nilichobakiza kwa madeni yanayoweza kuchelewa. Kila mrithi ana nakala yake.

Nisiwadanganye lakini: karatasi hiyo haifungi kila mlango. Saini za warithi zinanikinga dhidi ya warithi. Mwenye duka aliyemkopesha baba saruji hakutia saini, wala wapangaji, wala mtoza kodi. Hao wana haki zao, ndiyo sababu madeni hulipwa kabla ya kugawa. Nikificha kitu, kitu hicho hakimo katika deshaji hata kama wote wametia saini. Na mtoto hawezi kuniachilia. Mdogo wetu wa mwisho, wa mama mwingine, hajafikisha miaka 18. Fungu lake limewekwa kwa jina lake, na hesabu yake nimeiandika kando ili akifika umri huo aisome mwenyewe na kuniuliza. Mama yake alitaka kutia saini kwa niaba yake tumalize. Nilikataa, akakasirika, sasa tumepatana.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Basi vukeni mpaka wa Kasumbalesa, muingie Zambia. Binamu yangu yuko Ndola, alisimamia mali ya shemeji yake. Sheria yao ya urithi usio na wosia ni ya 1989: nusu kwa watoto, asilimia 20 kwa mjane, 20 kwa wazazi, 10 kwa wategemezi. Mahakama ikimtaka msimamizi alete orodha ya mali na hesabu chini ya kiapo, analeta, awe mkubwa au asiwe. Mizizi yao ni ya Waingereza, na huko nako mrithi aliyekubali bila kuelezwa yote hafungwi na kukubali kwake. Upande wa pili, sheria ya Uingereza ya 1925 kuhusu wadhamini, yaani wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, kifungu cha 61, inampa jaji uwezo wa kumsamehe mdhamini aliyekosea lakini akatenda kwa uaminifu na kwa busara. Nashindwa kuona jaji ataupimaje uaminifu wa mtu asiye na kaye.

Hata kampuni zetu, tangu nchi iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, haziko mbali na hilo. Kampuni ikifungwa, anayeifunga huwaita wenye hisa, wanaamua juu ya hesabu za mwisho na kumwachilia. Na bado kura yao haifuti mashtaka kama alifanya kosa. Mwenye hisa anaonyeshwa vitabu. Mdogo wangu wa damu aonyeshwe mgongo?

Kwa baba wa komini ya Kenya, ninamwomba kwa heshima asingoje watoto waulize. Awaite yeye, awape kurasa, na yeye ndiye adai saini. Akifariki kabla ya hapo, Mungu amweke, watakaoitwa kwa mwanasheria ni wanawe, nao watajibu kwa jambo wasilolijua.

Kwangu, deshaji bado haijakamilika. Mdogo wangu wa tatu hajatia saini. Anasema bati za anekse zilikuwa ghali mno. Risiti anayo, na namba ya fundi aliyezipiga, anayekaa Ruashi, nimempa. Akishamaliza kuuliza ataniambia.

Mama wa Katuba, Lubumbashi
(jina langu liko kwenu ofisini)